Finya Useme, Achia Usikilize

Masisi, ku mulima, tarehe 3 août 2021

Kwa Constantin wa Hombo, Poste Mbili,

Salamu. Huku tuko. Muke yangu Mama Emérita iko, ngombe iko, miye iko na meno yote ya mbele.

Jana nilikuwa nachonga mupini ya jembe, mujukuu wangu Umurerwa akaja kunibandika ile kioo ya telefone yake ku sikio. «Sikia, Koko. Ni Koko Constantin.» Nikasikia kweli sauti yako. Imekonda, lakini ni yako. Ulikuwa unahubiria watu mia ine ya barabara: huku matope, kule barrière ya kufunga njia, camion ya mizigo imelala Kashebere. Kiisha yako ikaja mwanamuke anauza mafuta. Kiisha yule mwanamuke, mulevi anaimba. Kiisha mulevi, kijana mumoja anasema kitunguu inaponya kisukari. Wote mu sanduku moja, wote sauti sawa, hakuna wa kusema wewe kaa chini. Nikauliza Umurerwa: «Nani njo mukubwa wa hii poste?» Akacheka: «Hakuna mukubwa, Koko. Kila muntu anasema.» «Na nani anasikiliza?» Akarudisha telefone mu mufuko.

Constantin, umeanguka. Weye muntu ya phonie, ile redio ya kusemeana, leo unagawa habari pamoja na walevi!

Miye nilisoma miaka mitatu tu, ya ine Père alinifukuza. Lakini nani aliitwa kushika phonie ya mission? Miye. Monseigneur, askofu mwenyewe, alingoja inje, kofia ku mukono, mpaka nimalize. Juu ya nini? Juu ile mashini ilikuwa na heshima. Waya moja kati ya miti mbili, betri ya gari, na micro ya kusemea yenye bouton moja. Unafinya, unasema. Unaachia, unasikiliza. Basi. Hata kipofu angeiweza. Na muntu hakuondoka ku kiti mpaka mwenzake aseme «Reçu», maana yake nimesikia na nimeshika. Bila reçu, neno haijafika, na muntu haiamushe gari yake. Hii ya kwenu iko na alama sawa upele, na hakuna hata moja ya kuwafundisha watu kunyamaza.

Unakumbuka mvua ya mwaka 83? Daraja ya miti ilienda na maji, na ni miye nilikuita: «Poste Moja. Daraja imekatika, gari zote zirudi.» Camion ya mukubwa wako wa duka ikapona na watu yake. Tangu pale nikaifanya essai yangu ya kila asubui, kupima kama unanisikia: «Essai, essai. Poste Moja. Daraja imekatika, gari zote zirudi.» Na weye kila asubui: «Reçu, muongo. Daraja iko. Jambo yako.» Miaka makumi mbili na mbili. Ile njo ilikuwa kazi ya wanaume.

Sasa ya maana. Kijana wenu Merdi na Umurerwa wetu, walipokutana ku masomo ya Goma, hawakujua kama wazee wao wanajuana kwa sauti. Mungu ana mambo yake. Tarehe 28, siku ya posho, tunawangoja na dot, mahari ya kuoana kwao. Njoo weye mwenyewe. Tangu tuzaliwe sijaona uso yako, inawezekana uko mubaya sana.

Nampatia binti yako Kaswera hii barua, camion yake inashuka kesho.

Miye Théoneste, Opérateur wa Poste Moja, miaka 22 bila kukosa asubui hata moja

*

Hombo, le 10 août 2021

Kaka Théoneste,

Barua yako imefika ikiwa na matope, kama mwenyewe nadhani. Nimeisoma mbele ya Wivine, bibi yangu, na amecheka mpaka akaketi chini.

Kofia ya Monseigneur ilikuwa mu barua yako ya Pasaka vilevile. Ile siku alikuja kuuliza choo iko wapi.

Bouton moja, unasema. Ni kweli. Lakini kati ya mambo mawili ya ile bouton, wewe ulijifunza moja. Kufinya ulijua. Kuachia, hapana. Kila opérateur alimaliza na «à vous», ili mwenzake aseme. Miaka yote ile sikusikia neno hilo mu kinywa chako hata mara moja. Mwaka wa 91, siku mama yangu alikufa, niliingia ku saa yetu ya asubuhi ili nikuambie wewe wa kwanza, kwa sababu hakukuwa muntu mwingine niliyetaka kumwambia. Ulisema juu ya mabati ya mission mpaka betri yako ikaisha. Sikukwambia tena. Leo nimekwambia.

Juu ya ile groupe yetu ya barabara ku telefone: ndiyo, kuko wapumbavu. Ku phonie vilevile walikuwako, lakini walikuwa wawili tu. Mimi nasema habari za barabara asubuhi na jioni, na madereva wananiamini. Nani mwingine ananiamini ku umri huu? Mguu wangu wa kushoto umekataa, siuzi tena dukani, wakwe wananiheshimu kwa sababu wanakula kwangu. Lakini nikisema «msipite leo», camion thelathini zinalala.

Unasema mashini yetu ina upele. Wale walioitengeneza walikata na kukata mpaka ikabaki alama moja tu ya micro, chini, upande wa mukono wa kuume. Umurerwa yuko mu groupe. Mwambie akufungulie. Finya, sema. Basi. Ni nyepesi kuliko phonie. Niambie neno moja, nikusikie kabla hatujakufa.

Kuhusu tarehe 28: mudogo wangu Jean de Dieu ataongoza wageni. Watalala Kashebere siku ya tano, tarehe 27, waamkie kwenu. Mimi mguu hauniruhusu. Uso wangu utaendelea kuwa siri.

Constantin

*

Masisi, tarehe 24 août 2021, siku ya pili

Constantin,

Nimejaribu ile kitu yako. Ni bure kabisa.

Umurerwa alikuwa anapalilia maharagi, telefone amewacha ku meza, chini ya kitambaa. Nilikuwa nimemuona siku mingi namna anafungula, si kazi ya kuomba ruksa. Nikaona jina ya barabara yenu, nikaona alama ya micro. Nikajisafisha koo. Nikafinya. Nikapiga essai yangu yote na sauti ya poste, mpaka kuku zikatoka mu jikoni. Kiisha nikaachia, nikasikiliza.

Kimya.

Nikahesabu mpaka kumi, sawa tulivyofanyaka. Kimya. Nikahesabu tena. Hakuna reçu, hakuna muongo, hakuna jambo yako. Kumeonekana tu kasaa kadogo ku pembeni, sawa punje ya mutama. Inaniambia ningoje? Miye? Mashini haina masikio na inanipimia saa!

Nikairudisha chini ya kitambaa. Sijamuambia Umurerwa, juu ataanza kunifundisha, na miye sifundishwake na muntu niliyemufunga nepi. Hata hivyo huku kwetu réseau, mutandao, hakuna, lazima upande mpaka pa musalaba juu ya mulima. Mashini gani hii inamupandisha mwenyewe mulima? Phonie ilikuja kwetu yenyewe.

Tuache ile upuuzi. Huku mambo iko tayari. Hangari ya mianzi nimejenga mwenyewe, viti yote ya kanisa ya paroisse iko kwangu, Emérita na wamama watatu wanachambua mchele tangu jana. Bière ya ndizi imeiva mpaka inasema. Na hotuba yangu nimeiweka mu kichwa, itaenda saa moja na nusu bila karatasi. Mwambie Jean de Dieu ajikaze, mbele yangu kuko watu walisahau majina ya mbuzi yao.

Kaswera hajapita, hii nampatia motard wa pikipiki.

Miye Théoneste, Opérateur wa Poste Moja, miaka 22

*

Masisi, tarehe 30 août 2021

Constantin,

Aksanti ya kutuvisha mavi.

Siku ya posho tumeketi tangu saa mbili ya asubui. Viti ya paroisse yote imejaa. Katekista amekuja, chef ya kijiji amekuja, hata wale hatusalimianake wamekuja. Saa ine, hakuna muntu. Saa sita, hakuna muntu. Mvua kidogo, ikaisha. Saa nane Emérita akaniambia ku sikio: «Papa, chakula itaharibika.» Nikamuambia: «Watu ya Hombo hawajue saa, ngoja.» Saa tisa watu wakaanza kuangalia miti sawa inaongea. Saa kumi akagawa mchele kwa majirani, na majirani wakakula na heshima ile mubaya, ile ya matanga.

Umurerwa aliketi mu nyumba na nguo yake ya kitenge mupya, mikono ku magoti. Telefone yake ilikufa moto ya betri tangu jana yake, aliporudi pa musalaba kusema na Merdi. Kwa hiyo hakuweza kuuliza kitu. Jioni akatosha ile nguo, akaikunja, akaenda kuchota maji. Hakulia. Ningependa alie.

Na miye na hotuba yangu mu kinywa sawa chakula moto.

Weye muzee wa telefone, weye mwenye camion makumi tatu zinalala ukisema zilale, haukuwa na kidole ya kututumia neno moja? Moja! Ao tuko watu ya mulima, tunanuka maziwa, watoto wenu wakatafute kwingine? Ungesema hivyo mapema, ningekula mchele wangu na roho nzuri.

Usinitumie Jean de Dieu. Usinitumie Merdi. Na mu groupe yako tangaza hii: ku Masisi kuko wanaume.

Miye Théoneste

*

Hombo, le 4 septembre 2021

Kaka Théoneste,

Nimesoma. Sasa soma na wewe, polepole, umpatie Emérita akusaidie fasi ngumu.

Wageni walitoka. Walilala Kashebere siku ya tano kama nilivyokwambia, watu kumi na wawili, mbuzi ndani ya gari, Wivine na kapu la vitenge ku mapaja. Jioni ile ile ikaingia sauti mu groupe. Mimi sikuisikia, telefone yangu ilikuwa inachajiwa kwa jirani. Wao wakaisikia siku ya posho asubuhi, wakinywa chai. Muntu mumoja alikuwa anasema daraja haipitike. Jean de Dieu akaangalia namba. Ilikuwa namba ya Umurerwa. Nani angejua daraja ya kwao kupita bibi arusi mwenyewe? Wakampigia, telefone yake imezimwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Wakarudi.

Siku ya yenga, kesho yake, camion ya mukaa ikafika hapa kutoka kwenu. Tukamuuliza dereva daraja. Akasema: «Daraja gani? Nimepita juu yake nikikula muhindi.»

Sasa fikiri namna gani nyumba yangu imechemka. Jean de Dieu anasema yule binti amekataa, na hakuwa na uso wa kusema, akatafuta muzee wa kumsemea uongo. Wengine wanasema ni ninyi wote, hamutaki watu wa lugha yetu. Merdi alimpigia Umurerwa siku ya kwanza kisha yenga, telefone yake ilipopata moto na réseau. Akaapa hajui kitu. Merdi akamwambia: «Basi masikio ya watu kumi na wawili ni ya mbwa.» Akakata. Tangu pale hali chakula vizuri, na bado hataki kuomba msamaha.

Mimi njo nilifuta ile sauti nilipoisikia, na nikatosha namba ya Umurerwa mu groupe. Ni sheria yetu: atakayedanganya barabara, anatoka. Kwa hiyo msiitafute, haiko tena.

Nakuuliza swali moja tu, na sikuulizi kwa hasira. Nani aligusa telefone ya ule mutoto?

Constantin

*

Masisi, tarehe 9 septembre 2021

Constantin,

Nimepata yako. Emérita hajaisoma, miye nasoma mwenyewe.

Swali yako ni ya polisi. Nani aligusa, nani aligusa. Mu dunia ya kwenu kila muntu anagusa kila kitu, na mukipata shida munakuja kuuliza huku kwa watu ya jembe! Ulizeni yule wa kitunguu. Ulizeni mulevi. Mumejaza nyumba na watu hamuwajue, sasa kijiko imepotea.

Inawezekana ni uchawi ya mashini. Nilisikia ku Rubaya kuko telefone ilipiga yenyewe muke ya muntu. Inawezekana ni muntu alipita ku njia. Huku kwetu mlango hatufungake. Na hata kama, nasema hata kama, kungekuwa muzee mumoja amejaribu kitu, na kile kitu hakikujibu, hakikusema reçu, kikakaa kimya sawa maiti, halafu kikaenda kusema siku ingine mu fasi ingine, kosa ni ya muzee ao ni ya kitu? Muntu akisema mu kisima, na kisima ikangoja siku tatu, ikaenda kupayuka ku soko, utamufunga muntu?

Nasema hivi tu, ya mufano.

Umurerwa iko muzima. Anafanya kazi mingi. Emérita anasema anakula kidogo, lakini wanawake wanapenda kuongeza.

Ngombe ya kijivu imezaa, dume.

Théoneste

*

(Ndani ya bahasha ile ile)

Koko Constantin,

Ni miye Umurerwa. Mama Emérita amenisaidia kuingiza hii karatasi, Koko Théoneste hajue.

Sikutuma ile sauti. Naapa na jina ya mama yangu alie mu udongo. Nilipanda pa musalaba siku ya tano jioni juu ya kumusikia Merdi tu, tukasema dakika tano, telefone ikakufa. Sikusema na muntu mwingine. Sasa watu ya groupe wananitukana ku namba yangu, watu sijawaona, wananiita muharibifu wa barabara. Dereva mumoja ameniandikia kwamba mbuzi yake ilikufa juu yangu. Ku soko ya siku ya tatu, wamama wakaninyamazia.

Koko Théoneste tangu barua yako hasemi. Unamujua. Haijatokea. Anachonga mupini, anamaliza, anaanza ingine. Tuko na mupini sita na jembe mbili.

Merdi akiniacha juu ya kosa yangu, nitavumilia. Lakini juu ya kosa sijaifanya, siwezi kujua nianzie wapi kuomba msamaha. Kama umeijua ile sauti, niambie ni ya nani.

Umurerwa

*

Hombo, le 14 septembre 2021

Théoneste,

Ile barua yako ya tarehe 24, uliyompatia motard, imefika jana. Pikipiki yake ilivunjika, akakaa wiki mbili Kashebere. Ninayo hapa ku meza. Imeandikwa na mukono wako: kitambaa, kuku, kasaa kadogo, na essai yote.

Lakini sikuwa na lazima ya barua. Unadhani mimi nitaacha kuijua ile sauti? Nilifungua telefone siku ya posho saa tano, nikasikia «Essai, essai. Poste Moja», na mukono wangu ukainuka peke yake kutafuta micro ya kukujibu. Miaka kumi na sita umenyamaza mu sikio langu, na asubuhi unarudi na uongo wako wa zamani. Nilicheka, Théo. Nilicheka kweli, mpaka nikakumbuka wageni wako wapi. Nikapiga, nikapiga. Walikuwa wameishaingia mu pori, hakuna réseau.

Jean de Dieu na wengine hawakusikia neno «essai». Mbuzi zilikuwa zinalia, walishika daraja na kurudi. Kwa hiyo nikaifuta haraka, wasisikie mara ya pili, wasije wakakucheka Hombo nzima. Nilitaka kuficha uso wako. Nikasahau kwamba namba ilikuwa ya mutoto. Hii ni kosa yangu ya kwanza.

Ya pili: nilikuandikia «finya, sema, basi». Sikukwambia kuachia kunafanya nini. Ku ile mashini, ukiachia, husikilizi. Ukiachia, umetuma. Na huko kwenu hakuna réseau, sauti yako ikangoja ndani siku tatu, kasaa kadogo kakiipimia, mpaka Umurerwa alipoibeba juu ya mulima ndani ya mufuko wake, bila kujua anabeba nini.

Kwa hiyo usinambie kisima. Ulifinya wewe.

Sasa sikiliza. Siku ya yenga, tarehe 19, wazee wa kwangu wanaketi kisha misa. Jean de Dieu anataka wapeleke ile dot kwa binti mwingine, wa Walikale. Ninaweza kusimama niseme ni Théoneste, ni essai yake. Lakini watasema muzee Constantin anatunga, anapenda sana rafiki yake. Na wewe unajua sheria, ni wewe uliyenifundisha na makelele: mesaje haifutwe na mwingine. Kinywa kilichoituma njo kinaifuta, ku poste ile ile, mbele ya wale wale walioisikia.

Nimeirudisha namba ya Umurerwa mu groupe. Saa ine ya asubuhi nitakuwa na telefone ku mukono.

Sikumjibu Umurerwa. Nimekuachia wewe.

Constantin, Poste Mbili

*

Masisi, tarehe 20 septembre 2021

Constantin,

Siku ya posho jioni nikamuita Umurerwa. Nikamuambia: «Ile sauti ni yangu.» Akaniangalia. Akasema: «Koko, mupini sita.» Basi. Akaingia mu nyumba. Emérita yeye alisema mingi, siandike hapa, karatasi itaungua.

Jana asubui akanifwata tukapanda. Hakunishika mukono fasi ya utelezi, nilianguka mara moja, akangoja nisimame. Pa musalaba kulikuwa watu saba na telefone zao juu sawa wanapima mvua. Mupumbavu mumoja alikuwa anajipiga picha ya meno. Umurerwa akafungula, akanionesha alama. Nikamuambia: «Naijua.» Akasema: «Ndiyo. Unaijua.»

Nikafinya.

Nilikuwa na hotuba, unanijua. Usiku nilikuwa nimeipanga: mvua ya 83, camion, Monseigneur, namna mashini ya leo inadanganya wazee. Saa moja kasoro. Lakini Umurerwa alikuwa pale, ile kitenge ya dot ku kiuno, ameivaa sawa nguo ya kazi, ya kubebea kuni. Hotuba ikapotea yote. Nikasema:

«Poste Moja. Miye Théoneste wa Masisi. Ile mesaje ya daraja ni yangu. Ilikuwa essai. Umurerwa hakujua kitu. Daraja iko. Naifuta.»

Kiisha kidole ikakatala.

Constantin, nimeua nyoka, nimevuka maji ya kifua, lakini kile kidole ilikatala. Ningeachia, watu mia ine wangejua Théoneste ni mujinga. Ningekaza, bado niko opérateur. Umurerwa akasema: «Koko, achia.» Nikasema: «Ngoja.» Yule wa meno akaacha meno yake, akaniangalia. Umurerwa akasema tena, sasa polepole: «Koko. Achia, basi. Tusikilize.»

Nikaachia.

Sikuhesabu hata mpaka tatu. Ikatoka mu ile kioo: «Reçu, muongo. Daraja iko. Jambo yako.»

Nilifunga viatu, kamba haikuwa imefunguka.

Kiisha wakaanza wengine. Wanacheka, wanapiga makelele, yule mulevi amenitungia wimbo, na dereva ya mbuzi anataka mbuzi. Tangu jana, Umurerwa anasema, muntu akitoa habari yoyote mule ndani wanamuuliza: «Essai ao kweli?» Hata yule wa kitunguu wamemuuliza, akanyamaza. Siku moja tu nimeingia, mumeanza kupata akili. Siongeze kitu.

Merdi akapiga saa saba. Umurerwa akaenda nyuma ya musalaba, akamuacha aseme kwa muda murefu, yeye anajibu «mm». Niliporudi peke yangu alikuwa bado kule. Jioni akanipikia ugali bila kunisemesha, lakini aliweka maziwa.

Ile mashini sijaipenda. Mashini ambayo ukiachia inatuma badala ya kukufungia kinywa, aliyeitengeneza hakuwa na mwenzake wa kumungoja. Mwambie kama unamujua.

Kaswera anasema Jean de Dieu amekubali, tarehe 16 octobre, lakini anataka hotuba yangu iwe ya dakika kumi. Nimesema makumi mbili. Panda camion, uweke huo mguu ku mapaja ya Wivine, uje. Nitakuwekea kiti ya paroisse pembeni yangu, na sitaki mashini kati yetu. Utaniambia namna gani mama yako alikufa. Mwaka 91 betri haikuisha peke yake, nilikuwa na ingine mu kabati, sikuiona haja. Sasa sina kitu ya kusema juu ya mabati.

Nimeachia.

À vous.

Théoneste